Vikumushi Vilivyopotea Mahali katika Sentensi za Kiingereza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

## Mambo ya msingi

1. Kikumushi ni nini, na kwa nini mahali pake pana uzito mkubwa katika Kiingereza?

Kikumushi ni neno, kirai au kishazi kinachoongeza taarifa juu ya neno jingine: kivumishi kinachoeleza nomino, kielezi kinachoeleza kitenzi, kirai kinachosema wapi au lini, kishazi kinachosema ni yupi hasa anayezungumziwa. Katika majibu haya, neno linaloelezwa litaitwa mwenye kikumushi, kwa sababu karibu kila kosa tutakalolijadili linatokana na swali moja lililokosa jibu: kikumushi hiki ni cha nani?

Kiswahili hujibu swali hilo kwa upatanisho wa kisarufi. Tukisema "begi la mwalimu lililochanika", kiambishi cha ngeli kinatuonyesha kwamba kilichochanika ni begi. Tukisema "begi la mwalimu aliyechoka", msikilizaji anajua papo hapo kwamba sasa tunamwelezea mwalimu. Kiingereza hakina ngeli. Neno "torn" au "tired" halibadiliki hata kidogo kulingana na nomino inayoelezwa, na kwa hiyo msomaji hana pa kushika isipokuwa mpangilio wa maneno. Kazi ambayo Kiswahili kimeupa upatanisho, Kiingereza kimeipa nafasi ya neno katika sentensi. Anayelielewa jambo hili amekwisha kuielewa nusu ya mada nzima.

2. Kuna tofauti gani kati ya kikumushi kilichowekwa pasipo pake na kikumushi kinachoning'inia?

Kikumushi kilichowekwa pasipo pake, ambacho vitabu vya Kiingereza hukiita "misplaced modifier", kina mwenyewe ndani ya sentensi ila kimekaa mbali naye, kando ya neno jingine. Mfano: "The nurse gave the forms to the patients in a blue envelope." Muuguzi aliwapa wagonjwa fomu zilizokuwa ndani ya bahasha ya buluu, lakini kwa mpangilio huu wagonjwa ndio wanaoonekana kuwa ndani ya bahasha. Fomu zimetajwa, zimetengwa tu na maelezo yake. Tukiyasogeza, sentensi inapona: "The nurse gave the patients the forms in a blue envelope."

Kikumushi kinachoning'inia, yaani "dangling modifier", hakina mwenyewe mahali panapotarajiwa, na mara nyingi hana nafasi popote katika sentensi. Mfano: "Entering the room, the lights went out." Ni nani aliyeingia? Sentensi haimtaji mtu yeyote, na kanuni ya Kiingereza, kwamba kirai cha mwanzo ni cha kiima kinachofuata mkato, inaufanya uingiaji uwe wa taa. Hapa kusogeza hakusaidii, kwa kuwa anayekosekana hawezi kusogezwa. Ni lazima aletwe. Ndiyo sababu inafaa kuyatofautisha makosa haya mawili: la kwanza linataka kuhamisha, la pili linataka kujenga upya.

3. Kwa nini watu wanaofikiri kwa Kiswahili huandika vikumushi vinavyoning'inia kwa urahisi?

Sababu ya kwanza ni kwamba kitenzi cha Kiswahili hubeba kiima ndani yake. "Nilipokuwa nikiingia chumbani, taa zilizimika" ni sentensi safi: "ni-" inamtaja aliyeingia, "zi-" inazitaja taa, na hakuna anayeweza kuwachanganya. Mwandishi anapoihamishia sentensi hiyo katika Kiingereza na kuchagua umbo la "-ing" kwa kuwa linaonekana fupi na la kitaalamu, ile "ni-" inaanguka njiani bila yeye kuhisi. Kichwani mwake kiima bado kipo; kwenye karatasi hakipo.

Sababu ya pili ni kitenzi kinachoanza na "ku-". Tunasema "Baada ya kumaliza ripoti, simu ililia", na ingawa "kumaliza" hakuna kiima, msikilizaji wa Kiswahili humtafuta mhusika katika muktadha na kuendelea. Kiingereza rasmi hakina subira hiyo. "After finishing the report, the phone rang" inasomwa kana kwamba simu ndiyo iliyomaliza ripoti.

Ni haki kukiri kwamba Kiswahili nacho hakina kinga kamili. "Akiwa na umri wa miaka 6, bibi yake alifariki" inazua utata uleule, kwa sababu mtoto na bibi wote ni wa ngeli moja na "a-" inaweza kuwa ya yeyote kati yao. Anayetaka kuhisi jinsi msomaji wa Kiingereza anavyotatizika na "At the age of six, her grandmother died" aanze na sentensi hiyo ya Kiswahili.

4. Nitalitambuaje kosa katika maandishi yangu mwenyewe?

Kwa sentensi inayoanza na kirai kisha mkato, weka kidole kwenye mkato, kisha uulize kirai hicho: nani? Nani aliyeingia, nani aliyemaliza, nani mwenye umri huo? Halafu soma nomino ya kwanza baada ya mkato, ile iliyo kiima cha sentensi kuu. Ikiwa nomino hiyo ndiyo jibu la swali lako, sentensi iko salama. Ikiwa siyo, una kikumushi kinachoning'inia, hata kama maana inaonekana wazi kwako.

Kwa vikumushi vilivyo katikati au mwishoni, swali linageuka: neno lililo karibu zaidi, kushoto na kulia, ni lipi, na je, ndilo nililokusudia? Kipimo hiki hufanya kazi vizuri zaidi baada ya kuyaweka maandishi kando kwa siku moja. Mwandishi aliyemaliza kuandika dakika tano zilizopita bado anasoma alichokifikiri, hasomi alichokiandika.

## Namna ya kurekebisha

5. Kikumushi kinachoning'inia kinarekebishwaje?

Zipo njia mbili za kutegemewa. Ya kwanza ni kumleta mwenye kikumushi na kumfanya kiima mara tu baada ya mkato: "Entering the room, I saw the lights go out." Ya pili ni kukigeuza kirai kiwe kishazi kamili chenye kiima chake na kitenzi chake: "As I was entering the room, the lights went out." Njia ya kwanza huleta ufupi, lakini hubadilisha kidogo uzito wa habari, kwani sasa sentensi inamhusu mtu anayeona na si taa zinazozimika.

Kwa maoni yangu, mwandishi wa Kiswahili afanye njia ya pili kuwa mazoea yake. Inafanana na "nilipokuwa nikiingia", inamlazimisha kumtaja mhusika, na haipotoshi mkazo wa sentensi kuu. Wengi huikwepa wakidhani kwamba "as", "when" na "after" vyenye kiima ni vya wanaoanza kujifunza. Sivyo, waandishi hodari wa Kiingereza huvitumia kila ukurasa.

6. Je, kugeuza mpangilio wa sentensi au kuongeza mkato hakutoshi?

Hakutoshi. "The lights went out, entering the room" bado inaning'inia, sasa kwa upande wa nyuma. Mkato nao hutenganisha tu. Hauwezi kumtaja mtu ambaye hajatajwa. Mahali pekee ambapo mkato hubadilisha maana kweli ni kwa baadhi ya vikumushi vya mwishoni, kama inavyoelezwa katika swali la 11.

7. Kwa nini kauli ya kutendwa huzalisha makosa haya mara nyingi?

Kauli ya kutendwa humwondoa mtendaji kwenye nafasi ya kiima, na kirai cha mwanzo humtafuta mtendaji hapohapo. "Having studied the map, the northern road was chosen" ina tatizo kwa sababu waliosoma ramani ndio waliochagua barabara, na kauli ya kutendwa imewafuta. Kurudi kwenye kauli ya kutenda kunamaliza jambo: "Having studied the map, the engineers chose the northern road."

Miundo inayoanza na "it is" na "there is" huleta shida ileile. "Having read the letter, it was clear that he was angry" haina msomaji wa barua. "Having read the letter, we saw that he was angry" inaye. Kauli ya kutendwa yenyewe si kosa. Ikiwa kikumushi ni cha kile kinachotendwa, sentensi ni sahihi kabisa: "Damaged by the rain, the books were thrown away."

## Maneno madogo yenye athari kubwa

8. "Only" ikae wapi?

Neno "tu" la Kiswahili hufuata neno linalowekewa mpaka: "Asha tu alisoma barua", "Asha alisoma barua tu". "Only" ya Kiingereza hutangulia, na kila inaposogea maana husogea nayo. "Only Asha read the letter" ina maana kwamba hakuna mwingine aliyesoma. "Asha only read the letter" inaweza kumaanisha kwamba aliisoma bila kuijibu. "Asha read only the letter" inasema kwamba vitu vingine hakuvisoma. "Asha read the only letter" inasema barua ilikuwa moja.

Katika mazungumzo, Waingereza na Wamarekani huiweka "only" kabla ya kitenzi karibu kila wakati na kuiachia sauti kazi ya kuonyesha mkazo, na hakuna anayekosa kuelewa. Mwaka 1926 H. W. Fowler, mtaalamu wa matumizi ya Kiingereza ambaye hakuwa mlegevu hata kidogo, aliitetea nafasi hiyo ya kawaida pale ambapo hakuna utata. Kwa hiyo si haki kumsahihisha mtu anayezungumza. Hata hivyo, karatasi haina sauti. Katika mkataba, maelekezo ya dawa au ripoti, iweke "only" mara tu kabla ya neno unaloliwekea mpaka, kwani hakuna unachopoteza kwa kufanya hivyo.

9. Na "almost", "nearly", "even" na "just"?

Kanuni ni ileile. "She almost worked 100 hours" yaweza kusomwa kwamba nusura afanye kazi, kisha asifanye; "She worked almost 100 hours" inasema alifanya kazi saa zilizokaribia 100. Kiswahili hutenga maana hizi kwa maneno mawili, "nusura" na "karibu", ilhali Kiingereza kina neno moja na nafasi mbili.

Ukanushi nao unahitaji uangalifu. "All the members did not attend" inaweza kuwa na maana kwamba hakuna aliyehudhuria au kwamba baadhi hawakuhudhuria, na "Wanachama wote hawakuhudhuria" ina utata huohuo kwetu. Andika "Not all the members attended" au "None of the members attended", kulingana na ukweli wa jambo.

10. Kikumushi chenye makengeza ni kipi?

Ni kile kilichosimama kati ya maneno mawili na kuyatazama yote kwa pamoja. "Writers who revise often produce clear work": je, ni waandishi wanaorekebisha mara nyingi, au ni kazi safi inayopatikana mara nyingi? Sogeza kielezi upande mmoja waziwazi: "Writers who often revise produce clear work", au "Writers who revise will often produce clear work." Jina hilo la makengeza linatumika hata katika Kiingereza, ambako kosa hili huitwa "squinting modifier".

## Virai na vishazi

11. Vikumushi vya mwisho wa sentensi vina hatari gani?

"I returned the key to the drawer that was rusty." Katika Kiswahili, "ufunguo uliokuwa na kutu" na "droo iliyokuwa na kutu" ni vitu viwili visivyoweza kuchanganywa. Katika Kiingereza kutu imehamia kwenye droo kwa sababu droo ndiyo iliyo karibu. Dawa rahisi ni kukifupisha kishazi kiwe kivumishi na kukitanguliza: "I returned the rusty key to the drawer."

Umbo la "-ing" mwishoni lina tabia yake. "The teacher watched the pupils smiling" inaelekeza tabasamu kwa wanafunzi. "The teacher watched the pupils, smiling" inalirudisha kwa mwalimu, kwa kuwa mkato unakitenga kirai na nomino ya jirani. Tofauti hiyo ni halali, lakini ni nyembamba mno kuibebesha maana muhimu. Kama tabasamu la mwalimu lina uzito katika habari yako, litangulize: "Smiling, the teacher watched the pupils."

12. Je, kosa hili lipo pia katika virai visivyo na "-ing"?

Lipo, na ndiko linakojificha zaidi. Kirai cha "to": "To pass the test, daily practice is needed" haina anayetaka kufaulu, "To pass the test, you need daily practice" inaye. Kirai cha "as": "As your editor, your success matters to me" inaufanya ufanisi wako uwe mhariri, andika "As your editor, I care about your success."

Kirai cha "unlike" kinahitaji vitu vya aina moja pande zote mbili: "Unlike Arabic, English readers start from the left" inalinganisha lugha na wasomaji, na inarekebishwa kuwa "Unlike readers of Arabic, readers of English start from the left." Kishazi kilichokatwa baada ya "when" au "while" nacho hufuata kipimo cha swali la 4.

Umiliki unastahili tahadhari ya pekee. "Walking into the office, her eyes fell on the letter" inaonekana kumtaja mwanamke, lakini kiima ni "eyes", na macho hayatembei. "Her" haihesabiwi kuwa kiima.

## Mipaka ya kanuni

13. Mbona "considering" na "regarding" hutumika bila kiima na hakuna anayelalamika?

Kwa sababu maneno hayo yamekwisha kuacha kuwa vitenzi na kuwa vihusishi au viunganishi. "Considering the weather, the flight was smooth" ni sahihi, ingawa ndege haikutafakari hali ya hewa. Katika kundi hili wamo pia "concerning", "including", "following", "given" na "according to". Hata "during" ilianza hivyo, kutokana na kitenzi cha zamani chenye maana ya kudumu, na leo hakuna anayeikumbuka asili hiyo. "Based on" bado iko njiani: wahariri wengi huikubali, wengine huipinga, na "on the basis of" humridhisha kila mmoja wao.

14. "Hopefully" mwanzoni mwa sentensi ni kosa?

Kwa miongo mingi ilishambuliwa, kwa hoja kwamba "Hopefully, the train will arrive" inaipa treni matumaini. Mwaka 2012 mwongozo wa uandishi wa shirika la habari la Associated Press uliacha kuipinga. Hoja ya wapinzani ilikuwa dhaifu tangu awali, kwa sababu "fortunately", "frankly" na "clearly" hufanya kazi hiyohiyo ya kueleza msimamo wa msemaji juu ya sentensi nzima, na hazikuwahi kulaumiwa.

15. Vipi kuhusu "Weather permitting, we will leave at noon"?

Hiyo si ya kuning'inia, kwani kirai kina kiima chake ndani yake, yaani "weather". Vivyo hivyo "The meeting over, we left." Sentensi za kuamuru pia ziko salama: "When cleaning the machine, wear gloves" ina "you" iliyofichika, sawa na mtu wa pili katika amri za Kiswahili.

16. Katika ripoti za sayansi naona "Using a microscope, the cells were counted". Niifuate desturi hiyo?

Desturi hiyo imeenea, na wasomaji wa fani hizo hawashtuki, kwa kuwa mtendaji ni mtafiti na kila mtu anajua. Hata hivyo, "The cells were counted under a microscope" ni fupi zaidi, inabaki katika kauli ya kutendwa, na haimwachii mhariri yeyote la kusema. Sioni sababu ya kutetea sentensi dhaifu wakati iliyo imara ina maneno yaleyale ya kitaalamu.

17. Ikiwa maana inaeleweka, kwa nini nijisumbue?

Waandishi wakubwa wamelifanya kosa hili. Katika Hamlet, tamthilia ya Shakespeare, mzimu wa mfalme unasema "sleeping in my orchard, a serpent stung me", na hakuna mtazamaji anayedhani kwamba nyoka ndiye aliyelala. Kanuni hii haihusu heshima ya mwandishi. Inahusu kazi anayobebeshwa msomaji. Kila mara msomaji anapolazimika kusimama, kukataa maana iliyoandikwa na kuitafuta iliyokusudiwa, umakini wake unatoka kwenye hoja.

Kuna mahali ambapo muktadha hauokoi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1991 kuhusu simu za matangazo ilizungumzia vifaa vyenye uwezo "to store or produce telephone numbers to be called, using a random or sequential number generator". Je, kirai cha "using" kinaeleza "produce" peke yake, au "store" pia? Swali hilo lilifika Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi iliyoihusu kampuni ya Facebook, na mwaka 2021 majaji wote 9 walikubaliana na matokeo kwamba kinaeleza vitenzi vyote viwili. Mkato uliotangulia "using" ulikuwa sehemu ya hoja za uamuzi. Miaka mitano kabla, katika kesi ya Lockhart, mahakama hiyohiyo iliyaunganisha maneno ya mwisho wa orodha na kipengele cha mwisho pekee, na majaji wawili walipinga.

18. Je, programu za kusahihisha sarufi zitanionyesha makosa haya?

Baadhi yatakamatwa, hasa yale ya "-ing" mwanzoni mwa sentensi. Mengi yatapita, kwa sababu "The nurse gave the forms to the patients in a blue envelope" haina kosa lolote la umbo. Ni wewe tu unayejua nini kilikuwa ndani ya bahasha. Iachie programu tahajia na alama za uandishi. Kisha pitia kila sentensi inayoanza na kirai, kila "only", na kila kishazi cha "that" au "which" kilichofuata nomino mbili, ukiviuliza swali la 4 kimoja baada ya kingine.